Daftari la wiki: Wali wa Kisangani

Mzigo hushuka hapa

Kisangani huamkia kwenye Mto Kongo. Alfajiri mitumbwi ya mashine inavuka kutoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto, imejaa mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, kuku waliofungwa miguu, na wanafunzi wenye viatu mkononi ili visilowe. Wachuuzi hawasubiri mzigo ufike sokoni. Wanaingia majini hadi magotini, wanapatana bei huku chombo bado kinaelea.

Mji huu upo kwa sababu moja: meli haiwezi kwenda mbele zaidi. Kutoka Kinshasa hadi hapa ni kilomita zipatazo 1,700 za maji yanayopitika, na majahazi ya chuma yanayopanda mto hutumia majuma mengi njiani. Juu ya Kisangani mto unakatika. Maporomoko saba ya Boyoma yametandaa kwa takriban kilomita 100 hadi Ubundu, na baada ya hapo mto wenyewe unabadili jina, unaitwa Lualaba. Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kuyakwepa maporomoko hayo, ikaanza kazi mwaka 1906. Mahali ambapo kila mzigo lazima ushushwe panahitaji ghala, na penye ghala soko halichelewi.

Kwa mtembezi, ushauri wangu ni kuanzia bandarini na kufuata barabara ya ukingo bila haraka. Utapita kanisa kuu la Bibi Yetu wa Rozari, lililo karibu kabisa na maji, na nyumba za enzi ya Wabelgiji zenye baraza pana, nyingine zimetunzwa, nyingine miti imeota kwenye kuta. Ukiingia kati ya mji, eneo la Makiso, utaona maduka ya kununulia almasi, kuta zake zimepakwa picha za mawe yanayong'aa na noti za dola. Michoro hiyo ni kazi ya mafundi wa mjini, na kwangu inastahili kutazamwa kwa makini sawa na majengo ya kale.

Wagenia

Mtalii yeyote anayefika Kisangani hupelekwa kwa Wagenia, na ni haki. Wanaishi kando ya poromoko la mwisho, pale mto unapopita kwa kishindo juu ya miamba. Wamesimamisha magogo marefu katikati ya maji yanayokwenda kasi, matatu matatu, vichwa vimefungwa pamoja na miguu imechomekwa kwenye mashimo ya mwamba. Hakuna msumari. Kila kifundo ni cha kamba za msitu. Kwenye magogo hayo wananing'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, mdomo mpana ukielekea maji yanakotoka. Samaki anasukumwa ndani na nguvu ya mto, na mto huohuo unamzuia kutoka.

Nimetazama vijana wakipanda magogo hayo yaliyolowa, mguu mtupu, chini yao maji meupe yanayoweza kusaga mtumbwi. Mmoja anashuka kwa kamba, anakivuta kikapu, wenzake wanasaidia kukiinua. Mara nyingine kinatoka kitupu. Mara nyingine kina kapiteni, samaki ambaye watu wa Mwanza na Kisumu wanamwita sangara. Akitoka mbenga, kila mtu husogea nyuma kidogo, maana meno yake ni makali kama misumari na hulala nje ya midomo.

Kinachonishangaza zaidi ya ushujaa ni utaratibu. Sehemu za kutegea ni za koo, hurithiwa, na anayepanda kwenye gogo anajua ni la nani. Maji yanapopanda au kushuka, kazi nayo inahamishwa. Mafuriko yakiondoa magogo, ukoo unaingia msituni kutafuta mengine. Watu hawa walikuwa hapa, na uvuvi wao ulikuwa hapa, mpelelezi Stanley alipopita Januari 1877. Vituo vya kikoloni, jamhuri na majeshi vimekuja na kuondoka mbele ya magogo hayo.

Sahani

Katika vibanda vya karibu na maji, mama aliyekaa nyuma ya jiko la makaa atakuuliza swali moja tu. "Papa, utakula na nini?" Mchuzi unajulikana: samaki wa asubuhi, nyanya, vitunguu, mawese na pilipili ya pembeni. Ukitaka aliyefungwa majanini, ataleta liboke: samaki, vitunguu na viungo ndani ya majani mapana ya msituni, vimefungwa kwa kamba, vikaiva polepole juu ya makaa. Ukifungua, mvuke wa majani unatangulia harufu ya samaki. Hapo mtu haongei.

Chaguo lipo kwenye kinachosindikiza. Kuna chikwangi, muhogo uliovundikwa, ukasagwa, ukafungwa majanini na kupikwa kwa mvuke. Ni mgumu, una uchachu kidogo, na hudumu siku kadhaa, ndiyo maana kila abiria wa mto hubeba. Kuna fufu. Kuna sombe, yaani kisamvu chetu, iliyotwangwa ikapikwa kwa mawese mpaka inakuwa laini kabisa. Kuna lituma, na kama utakula kitu kimoja tu Kisangani, kiwe hicho: ndizi zilizochemshwa, zikatwangwa kinuni mpaka zikawa donge zito lenye kunata, zikaviringwa kwa mkono. Lituma na kapiteni ni chakula cha mchana kinachomlaza mtu mzima hadi saa kumi. Msimu wa viwavi ukifika, mbinzo hujaa sokoni kwa mabeseni, wabichi na waliokaushwa. Wakikaangwa na vitunguu wana ladha nzito, karibu na uyoga. Nawapenda bila kulazimishwa.

Halafu kuna wali. Umeiva vizuri, punje zimeachana, na mama aliyeupika atakuambia mpunga ni wa mashamba ya huku huku, unaotegemea mvua. Mtu wa Pwani ataula bila kufikiri, kwa kuwa ni chakula cha nyumbani. Mimi nadhani anapaswa kufikiri.

Mpunga ulikujaje

Uliingia bonde la Lualaba katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifungua mashamba makubwa Nyangwe na Kasongo, wakapanda mpunga na miti ya matunda, wakajenga nyumba kwa namna ya Zanzibar. Dini ya Kiislamu na Kiswahili vilishuka na mto kwa njia hiyo hiyo, vikafika hadi hapa chini ya maporomoko.

Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1886 watu wa Pwani walikiteka kituo cha Wazungu kilichokuwa kwenye maporomoko haya. Mwaka uliofuata, kwa makubaliano yaliyofanyika Zanzibar kati yake na Stanley, Tippu Tip akateuliwa kuwa liwali wa eneo hili kwa niaba ya Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji. Kwa hiyo Kisangani iliwahi kuwa na liwali Mzanzibari. Aliondoka 1890. Vita kati ya Dola Huru ya Kongo, yaani dola ya Leopold, na wakubwa wa Pwani vilianza 1892, na miaka miwili baadaye utawala wao ulikuwa umekwisha. Tippu Tip alifariki Zanzibar mwaka 1905, akiwa ameacha tawasifu ya Kiswahili inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika lugha yetu.

Tawasifu hiyo inasifiwa, na ni haki isomwe. Lakini bidhaa yake ilikuwa pembe za ndovu, na pembe hizo zilibebwa begani na watu waliotekwa. Vijiji vilichomwa. Wanawake na watoto waliuzwa. Leopold alikuja baadaye na mpira wake na ukatili mkubwa zaidi, na tumezoea kuusema huo kwa sauti kubwa kwa sababu aliyeufanya alitoka mbali. Wa kwetu tunaupitia haraka. Mtalii anayepita Shangani, Mji Mkongwe, huonyeshwa nyumba ya Tippu Tip na kusikia habari za utajiri wake. Laiti angeambiwa pia utajiri huo ulitoka mto gani, na walioubeba walikuwa akina nani.

Wenyeji niliozungumza nao hawana kinyongo na mgeni wa Pwani. Wanafurahi kusikia Kiswahili chake, wanamrekebisha pale anapokosa neno la Kilingala, wanamwongezea wali. Wema huo hautupi ruhusa ya kusahau.

Karani wa posta

Miaka ya vita kuu ya pili ilipokaribia mwisho, kijana kutoka Sankuru alifika mji huu, wakati huo ukiitwa Stanleyville, akapata kazi posta. Jina lake Patrice Lumumba. Hapa alijifunza kuandika magazetini na kusimama mbele ya watu. Oktoba 1959 chama chake cha kudai uhuru, MNC, kilikutana hapa, ghasia zikazuka, akakamatwa. Januari 1960 alitolewa kifungoni apelekwe Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Mwishoni mwa mwaka huohuo, akiwa ameondolewa kwenye uwaziri mkuu wa Kongo huru, alitoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, akielekea Kisangani kwa wafuasi wake. Alikamatwa njiani, kwenye Mto Sankuru. Hakufika. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Juni 2022, jino lake, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji na kuzungushwa nchini kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kisangani ilikuwa mojawapo ya vituo.

Siku sita

Tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyokuwa washirika, yalianza kupigana katikati ya Kisangani. Mapigano yalidumu siku sita. Mabomu yaliangukia nyumba, shule na makanisa ya watu ambao hawakuwa na upande. Mamia walikufa. Mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Rwanda. Februari 2022 iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya katika vita vya Kongo, Kisangani ikiwemo. Fedha hizo ziwafikie majeruhi. Wapo ambao bado wana vipande vya chuma mwilini.

Sisi majirani wa Afrika Mashariki tunaujua mwezi huo wa Juni mwaka 2000 kidogo mno. Magazeti yetu yalipaswa kuukumbusha kila mwaka.

Waandishi wageni

Joseph Conrad alifika hapa kwa meli mwaka 1890, na riwaya yake iliyotokana na safari hiyo ikaufanya mto huu kuwa jina lingine la giza. V. S. Naipaul alitoa yake mwaka 1979 kuhusu mji ulio kwenye kona ya mto, bila kuutaja, lakini wasomaji waliutambua. Msimulizi wake ni mfanyabiashara aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya filamu yake, The African Queen, kwenye Mto Ruiki, kusini mwa mji. Katika kazi zote hizi mto na msitu vinatisha, na wenyeji wanapita nyuma ya picha. Hakuna anayekaa nao kula. Ningependa kusoma Kisangani iliyoandikwa na mtu wa mitaa yake ya Kabondo au Mangobo, mwenye bibi anayetwanga lituma.

Maneno kwa anayetaka kwenda

Kwa ramani njia ya barabara kutoka mashariki inavutia, kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, lakini makundi yenye silaha ya Ituri yanaifanya isiwe ya kushauriwa. Ndege kutoka Kinshasa hutua uwanja wa Bangoka. Mjini utapanda pikipiki, au toleka, baiskeli zenye kiti cha nyuma kilichofunikwa godoro dogo, ambazo zimebaki chache tangu pikipiki zizidi. Panda toleka angalau mara moja, na umlipe vizuri anayekanyaga.

Usipige picha bandarini, penye askari wala penye daraja. Beba noti ndogo za faranga. Kula kabla ya saa nane mchana, samaki akiwa bado wa leo. Kwa Wagenia, nenda kwanza kwa chifu, ulipe ada ya kijiji bila mabishano, na uombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Wengi hupiga picha kisha wanakwenda kula hotelini. Wewe nunua samaki palepale, kutoka kwa aliyemtoa majini, kwa bei anayoitaja.