Mlango wa gari unafunguka upande gani?



Wakati wa mapumziko tunasikia kila siku mabishano ya magari. Huyu anasema Prado inashinda zote kwa kupanda milima, yule anatetea Hiace, mwingine anajua Corolla kwa sauti tu, hata kabla haijatokea kwenye kona. Hatuna neno juu ya hiyo. Vijana wa Bukavu wanapenda gari, na sisi wa darasa la sita ni wamoja wao. Lakini kuna jambo moja lenye hakuna mtu analibishania: gari ikisimama, mlango wake unafunguka upande gani?

Msicheke. Swali hilo ni la uhai.

Kwetu Congo tunapita kuume kwa barabara, na majirani wetu wa Rwanda na Burundi vilevile. Japani wanapita kushoto, ndiyo maana gari zao ziko na volani upande wa kuume. Tanzania, Kenya na Uganda nao wanapita kushoto, kwani Waingereza walitawala kule. Basi gari iliyokwisha kutumika inatoka Japani kwa meli, inashuka Dar es Salaam ao Mombasa, na mpaka pale ingali kwa barabara zake. Kiisha inavuka mipaka, inafika kwetu, na hapo mambo yake yote yanageuka.

Kwa taksi ndogo, shofere anakaa upande wa mtaro, na abiria wa mbele anakaa upande wa katikati ya barabara. Akifungua mlango, anaufungulia mbele ya motari anayekuja mbio. Kwa minibasi ni mbaya zaidi. Mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa sababu kule Japani kushoto ndiko kando ya njia. Hapa kwetu kushoto ndiko magari yanakopita. Hata taa: zilitengenezwa ili zitupe mwanga zaidi kushoto, kando ya njia ya kwao. Kwetu, usiku, mwanga huo unaingia machoni mwa yule anayetoka mbele.

Tena kuna mambo ya kupita gari ingine. Lori iko mbele, inapanda pole pole. Shofere mwenye volani ya kuume hawezi kuona kama njia iko wazi mpaka atoe nusu ya gari yake inje. Basi anauliza aliye karibu naye: «Angalia, iko mtu?» Saa hiyo mwanafunzi aliyekaa kiti cha mbele amekuwa jicho la watu wote walio ndani. Tumesikia wenzetu wakijibu «Pita tu!» bila kuinua kichwa, ili waonekane wajuzi, ao kwa sababu wanataka kufika haraka. Neno hilo moja linatosha kuleta matanga kwa jamaa kumi na tano.

Likizo iliyopita, wengi wetu tulirudi kwa njia ya Kavumu. Pale Mudaka minibasi ilisimama, mlango ukasukumwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kushuka. Moto ikapita karibu sana, hata ikagusa kikapu chake. Konvoyeri alimvuta kwa kitenge, akarudi ndani. Hakuna aliyeumia. Lakini mlango ule ulifunguliwa tena kwa vituo vyote vilivyofuata, kwa namna ileile, na hakuna aliyeangalia nyuma kwanza.

Taabu hii haikuanza kwetu. Uswedi, inchi iliyotuma wamisionari wengi hapa Kivu, walikuwa wanapita kushoto, lakini gari zao nyingi zilikuwa na volani kushoto vilevile. Ni shida yetu, imegeuzwa tu: kwa kupita gari ingine, shofere hakuona mbele. Mwaka 1955 raia waliulizwa kwa kura, na wengi sana wakakataa kubadilisha. Lakini serikali iliona hatari, na tarehe 3 Septemba 1967 inchi nzima ikahamia kuume. Mabasi mengi yalitiwa milango mipya upande wa kuume. Mengine yaliuzwa kwa inchi zinazopita kushoto, kama Kenya na Pakistan. Hawakumwambia abiria azoee hatari. Walihamisha mlango.

Wako watakaosema: basi gari hizi zikatazwe. Sisi hatukubali. Gari mpya ni ya matajiri. Hizi ndizo zinafika Kadutu, Panzi na Bagira, na falanga zake zinalipa masomo ya watoto wengi, hata wa hapa kwetu. Wako wenye kuhamishia volani kushoto kwa garaje. Ni vizuri, lakini mara nyingi taa na mlango hubaki namna vilivyotoka Japani. Tukingoja siku magari yatabadilika, tutazika watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya. Wadogo wetu wa madarasa ya chini wasikae kiti cha mbele. Ndani ya taksi, shukeni kwa mlango wa kuume wa nyuma, hata kama ni kusogea na kuchelewa kidogo. Kwa minibasi, konvoyeri ashuke kwanza, aangalie nyuma, ndipo wengine washuke. Asipofanya hivyo, mwambieni kwa heshima; ni haki yenu. Mkiisha kushuka, msivuke mbele ya gari, ngojeni iondoke. Na ukiulizwa kama njia iko wazi, angalia kweli. Kama huoni vizuri, sema «Sioni». Si haya.

Kwa Bwana Prefe na waalimu tunaomba jambo moja: asubuhi lango kubwa lifunguliwe, ili magari yaingie na kushusha watoto ndani ya kiwanja, siyo barabarani. Sisi wakubwa tuko tayari kusimama pale zamu kwa zamu, kuanzia Siku ya Kwanza hii.

Kujua majina ya gari zote ni kitu cha kupendeza. Kujua kushuka kwa gari na kufika darasani mzima kunapita hiyo.

Kapita wa masomo, kwa jina la wanafunzi wa darasa la sita