Sauti ya mama ndani ya deki ya zamani



Wiki iliyopita tuliahidi kuandika juu ya daftari za watoto. Daftari zitangoja. Tangu Jumamosi kila tukipita njiani tunaulizwa jambo moja: ile deki ya mwenzetu imesema? Imesema. Lakini nusura tuiue kwa mikono yetu wenyewe ile sauti iliyokuwa ndani ya kaseti, na ndiyo sababu tunaandika. Tunajua nyumba nyingi za hapa zina kaseti moja au mbili ndani ya sanduku, chini ya vitenge, na hakuna aliyezisikiliza tangu zamani.

Sisi tulikuwa watoto vita ya 1996 ilipowavusha watu ziwa. Wengine walifika Nyarugusu, wengine mwaka uliofuata wakapelekwa Lugufu, wengine walibaki huku huku wakihama kijiji hadi kijiji. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Barua ilitaka mtu anayejua kuandika na mwingine anayejua kusoma, na bibi zetu wengi hawakupelekwa shule. Basi watu walisema ndani ya kaseti. Unakaa mbele ya redio, unaanza kwa salamu, unalia kidogo, unaendelea. Mtu anayevuka na mtumbwi anaitia mfukoni, na baada ya wiki au miezi sauti yako inafika.

Mama yake mwenzetu alisema yake Nyarugusu mwaka 2003, pande zote mbili, dakika 30 kila upande. Watu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, yeye alikwisha kuzikwa kule. Picha yake hakuna hata moja. Upande wa kwanza wa kaseti mwenzetu anaujua kwa moyo. Upande wa pili aliusikia mara moja tu, nyumba imejaa watu na kilio, na anasema hakushika hata neno. Kisha deki ikakataa.

Ilikataa polepole, kama zinavyokataa nyingi. Kwanza ukibonyeza kitufe cha kucheza, kimya. Unabonyeza mara tatu, nne, inashika. Baadaye sauti inatoka upande mmoja, na ule mwingine unavuma kama mvua juu ya mabati. Ukiweka kidole juu ya kitufe na kukisukuma kidogo, inarudi. Ukitoa kidole, inapotea. Mwishowe hata mota haizunguki.

Fundi wa kwanza hakuifungua. Aliisikiliza kidogo, akasema kichwa cha kusomea kimekufa, aachiwe deki na kaseti yake pamoja na pesa ya kutafuta kichwa kingine. Yaya wa mwenzetu alikuwa tayari kumwachia. Bahati pesa haikuwapo.

Wa pili ni kijana anayetengeneza simu sokoni. Tulimwomba jambo moja: aifungue mbele yetu, Jumamosi, kwenye mkutano wetu. Akasema, "Mama, hizi sijazizoea, lakini swichi ni swichi." Jibu hilo tulilipenda kuliko la yule aliyejua yote. Wanafunzi wetu wa darasa la sita wangejifunza kwake.

Ndani mlikuwa na vumbi, buibui wawili wakavu na swichi tatu tulizozitazama kwa zamu. Ya kwanza ni ile ya kuchagua redio au kaseti, ambayo unaiona kwa nje. Ya pili imejificha chini ya vitufe: vibati viwili vyembamba kama ulimi, ambavyo ukibonyeza kitufe vinagusana na mota inapata umeme. Ya tatu ni ndefu, imelala juu ya kibao cha waya, na kazi yake ni kuigeuza mashine yote kutoka kusoma kwenda kurekodi. Ndani yake kuna safu za vijino vya chuma vinavyoteleza mbele na nyuma kila mara kitufe cha kurekodi kinapobonyezwa.

Vyuma hivi mara nyingi hupakwa fedha, fedha ile ile ya hereni. Nanyi mnajua hereni ya fedha inakuwaje ikikaa miaka katika nyumba ya moshi: inaota weusi. Weusi huo unazuia umeme kupita. Sauti inayotoka kwenye kaseti ni umeme mdogo mno, hauna nguvu ya kupenya hata utando mwembamba, ndiyo maana upande mmoja unakufa kabla ya mwingine. Kwa vile vibati vya mota ubaya ni mwingine: kila vinapogusana hutoa cheche ndogo, na cheche zinavichoma polepole.

Kijana alianza na vibati. Alikata karatasi safi kama upana wa kidole, akailowesha kwa alkoli ya dawa ya digrii 90, akaipitisha katikati ya vile vibati huku amevibana kwa upole. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi kama sufuria. Ya tano ikatoka nyeupe. Mama mmoja alileta msasa, kijana akakataa: msasa unakwangua fedha yote, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi vibaya zaidi. Mafuta ya mawese nayo hapana, hata tone. Petroli pia hapana, inakula plastiki na inaweza kuwasha nyumba. Alkoli nayo inashika moto, kwa hiyo jiko liliondolewa, betri zikatolewa, na tukangoja ikauke kabisa kabla ya kuunga umeme.

Tukaunga. Mota ikazunguka! Wamama walipiga vigelegele, na mwenzetu akainuka na kaseti yake mkononi.

Hapa ndipo kijana alipotuokoa. Alisema, "Mama yangu, ngoja. Nipe kwanza kaseti isiyo na kazi." Ikapatikana moja ya muziki, tena iliyochoka. Aliitia, ikazunguka vizuri, lakini hakuna sauti. Tukasema labda kweli kichwa kimekufa. Akaiacha kama dakika moja, akairudisha nyuma, akaipeleka kwenye redio nyingine tuliyoazima. Ile dakika ya mwanzo muziki haukuwapo tena. Palikuwa na mvumo tu, kisha wimbo ukaanza katikati.

Ile swichi ndefu ilikuwa imekwama upande wa kurekodi. Springi yake imechoka, uchafu umeishika, na ijapokuwa tulibonyeza kitufe cha kusoma, mashine ilikuwa inafuta na kuandika ukimya. Hakuna aliyesema neno. Mwenzetu alikaa chini na kaseti yake ndani ya mikono miwili.

Wengi mnajua vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kaseti: ukivivunja, kitufe cha kurekodi kinakataa kushuka. Uushike upande unaotaka kuulinda ukutazame, utepe unaoonekana uwe chini. Kijino cha juu kushoto ndicho cha upande huo. Vunjeni vyote viwili, leo, kabla ya chakula cha jioni. Siku mkitaka kurekodi tena mnaziba shimo kwa gundi ya karatasi, basi. Lakini kijino kinazuia kitufe tu. Swichi iliyokwama ndani hakiijui. Kwa hiyo deki iliyolala miaka isipewe kaseti ya mzazi kwanza, hata fundi akiapa. Ipewe kaseti ya bure, ichezwe, irudishwe nyuma, isikilizwe tena.

Swichi ndefu ilichukua saa nzima. Alidondosha alkoli kwenye matundu yake, akaitelezesha mbele na nyuma mara 30 hivi, akangoja, akarudia. Springi aliivuta kidogo kwa koleo ili ipate nguvu. Kichwa alikipangusa kwa pamba, na kumbe kilikuwa kizima kabisa. Tuliunga tena, kwa betri ya sola iliyotolewa kwanza kwenye paneli, maana deki hii inatumia betri kubwa 8, yaani volti 12, na paneli wakati wa jua kali inaweza kuzidisha. Tulitazama pia alama za + na - mara mbili. Ukizigeuza unaweza kuunguza kila kitu. Kaseti ya bure ikaimba pande zote mbili. Ikarudishwa, ikaimba tena pale pale.

Ya mama tuliizungusha kwanza kwa bik, kwa mkono, mpaka mwisho na kurudi, maana utepe uliokaa muda mrefu hushikamana na mota inaweza kuukata. Simu iliwekwa karibu na spika ili kurekodi. Watoto wakatolewa nje.

Upande wa pili bibi anasalimia kwa Kibembe, mtu mmoja mmoja kwa jina, na watatu kati ya waliotajwa walikuwa wamekaa pale na sisi. Anauliza kama michikichi bado inazaa. Anamkumbusha jirani sufuria yake kubwa, na jirani huyo alicheka huku akifuta machozi kwa sababu sufuria bado anayo. Halafu anaanza kumwambia binti yake jambo, "na wewe, usi...", na utepe unaisha. Mwenzetu alisema, "Irudisheni." Tuliisikiliza mara tatu.

Siku hiyo hiyo sauti ilikwenda kwa simu kwa ndugu walio bado Nyarugusu.

Kijana amekubali kurudi Jumamosi ijayo, saa nane mchana, mahali pa mkutano. Wenye deki walete deki, betri zikiwa zimetolewa. Wenye kaseti tu walete kaseti, vijino vimevunjwa. Na kila mmoja alete moja isiyo na kazi.