Kompyuta za kwantamu: tusihesabu biti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu. Kila zinapotangazwa habari za kompyuta za kwantamu, tunaambiwa idadi ya biti zake tu, kana kwamba tunahesabu magunia ya korosho. Hatuambiwi biti hizo hukaa na hesabu yake muda gani kabla ya kuipoteza.

Nyingi za mashine hizi zina vitanzi vidogo vya metali kama aluminiamu, vilivyopozwa karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, ambapo umeme hupita bila ukinzani. Vitanzi hivyo huhisi sumaku hata ikiwa ndogo mno. Mwaka 1987 Frederick Wellstood, Cristian Urbina na John Clarke wa Berkeley, Marekani, walipima vyombo vya aina hiyo wakakuta kelele ya sumaku isiyokoma hata katika baridi hiyo. Ajabu ni kwamba kelele ilikaribiana kiasi, kitanzi kiwe kikubwa au kidogo, metali iwe hii au ile.

Ikapita miaka ishirini na ushei. Mwaka 2008 watafiti wa Wisconsin walionyesha kwamba juu ya uso wa metali zipo elektroni zisizo na mwenzi, kila moja ikiwa kisumaku kinachogeuka-geuka ovyo. Mwaka 2016 mshukiwa mkuu akatajwa: oksijeni, hii hii tunayovuta, iliyonata juu ya uso! Walipotumia ombwe safi zaidi pamoja na amonia au mwanga wa urujuanimno, kelele ikapungua. Mwaka 2017 wengine wakakuta na atomu za hidrojeni. Wapo wanaodharau usafishaji wa vyombo vya maabara wakidhani utafiti ni hesabu za ubaoni. Hapa kusafisha kulikuwa utafiti wenyewe.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wangu hubisha ninapowaambia oksijeni huvutwa na sumaku. Wao wanajua chuma tu. Lakini oksijeni ikifanywa kimiminika hung'ang'ania kwenye ncha za sumaku, na naitrojeni haifanyi hivyo. Sina kimiminika hicho cha kuwaonyesha, wala silalamiki.

Ombi langu ni kwa ndugu zetu waandishi wa habari. Mkitajiwa idadi ya biti, ulizeni pia zinadumu muda gani, na uso wa chipu umesafishwaje.

Mwalimu wa Fizikia,
Masasi.