*RUBANI ALIYEGEUZA KWENDA MWANZA SI MWOGA*

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI – BUKOBA MJINI*



Tangu juzi grupu letu limejaa maneno makali kuhusu ndege iliyofika juu ya Bukoba, ikakuta mvua na wingu zito, ikazunguka, kisha ikageuza na kutua Mwanza. Rubani ameitwa mwoga, ameitwa mwanafunzi. Mwenzetu mmoja ameandika kwamba habari ya "mafuta hayatoshi kusubiri" ni kisingizio cha kampuni.

Tunajua kuna waliokuwa wanawahi mazishi, na mazishi hayarudiwi. Poleni sana. Lakini uongozi wa tawi hauwezi kunyamaza wakati wana Bukoba, kati ya watu wote, wanamtukana mtu kwa kosa la kufikisha abiria wakiwa hai.

*1. Tumesahau haraka hivi?*

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitokea Dar es Salaam, ilitumbukia Ziwa Victoria ilipokuwa inakuja kutua hapa kwetu katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo. Wavuvi wetu ndio waliowahi na mitumbwi yao. Miili tuliiaga Kaitaba.

Hatusemi ajali ile ilitokana na mafuta. Tunasema mji uliozika namna ile haupaswi kumdhihaki rubani anayesema, "Leo hapa sitatua."

*2. "Mafuta kidogo" maana yake nini?*

Si kwamba tangi limekauka. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ndege ibebe mafuta ya safari, ya dharura ndogo za njiani, ya kufika uwanja mbadala, na juu ya hayo akiba ya mwisho. Kwa ndege za injini za tabini, kama ATR, akiba hiyo ni ya dakika 30 angani. Akiba ya mwisho haipangiwi matumizi. Rubani akiona atatua akiwa chini ya kiwango hicho, anatakiwa atangaze hatari.

Sasa pigeni hesabu. Kutoka hapa hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 175 kuvuka ziwa. Kwa ATR ni takribani nusu saa, ukiweka kupanda na kushuka. Kila mzunguko juu ya Bukoba unakula mafuta ya kwendea Mwanza. Ikifika dakika ambayo yaliyobaki ni ya Mwanza na akiba tu, rubani ana uamuzi mmoja wa salama: kuondoka. Akisubiri "dakika tano tu" mvua ikatike, na isikatike, atakuwa amejifungia mlango. Hapo atalazimika kutua, aone njia asione.

Kwa hiyo anayeuliza "mbona mafuta yalikuwepo, mbona hakusubiri?" anauliza kinyume. Aliondoka *kwa sababu* mafuta yalikuwepo.

*3. Waliosubiri yaliwapata nini?*

Januari 25, 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia iliwekwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha, wakaomba wapewe kipaumbele, lakini hawakutamka wazi kuwa wako kwenye hatari. Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana. Wakati huo hawakuwa tena na mafuta ya kwenda uwanja mwingine. Injini zilizimika, ndege ikaanguka Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73.

*4. Lawama ziende kwa wenyewe*

Hasira zenu zina haki, ila zimepiga mlango usio wake. Rubani hakujenga uwanja wa Bukoba kando ya ziwa. Rubani hapangi bajeti ya taa wala ya vipimo vya hali ya hewa. Wala si yeye aliyewaacha abiria Mwanza bila chakula, bila usafiri na bila maelezo. Wakubwa wanafurahi sana tunapogombana na mtu aliyeshika usukani, kwa kuwa hatuwaulizi wao.

Tawi linadai yafuatayo:

▪️ Mbunge na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege waje kwenye mkutano wa hadhara watueleze: tangu 2022 uwanja wetu umeongezewa nini cha kumsaidia rubani kuona njia, na boti ya uokoaji iko wapi, na inaendeshwa na nani?

▪️ Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe hakuna rubani anayekatwa mshahara, kuhojiwa kwa vitisho au kunyimwa safari kwa sababu aligeuza ndege.

▪️ Kampuni inayopeleka abiria uwanja mwingine iwalishe, iwalaze na iwafikishe Bukoba kwa gharama yake. Ikibana hapo, ndiyo inayowachochea abiria kumshinikiza rubani atue.

*5. Agizo kwa wanachama*

Walioandika matusi wayafute leo. Ukiwa ndani ya ndege na rubani akatangaza anageuza, usisimame kupiga kelele, wala usimpigie simu "mkubwa" ili aingilie. Na kama wewe ndiye mkubwa, kaa ufunge mkanda kama wengine.

Waliokwama safari hii, leteni majina na nakala za tiketi kwa Katibu wa Tawi kabla ya Jumamosi. Tutaandika barua moja ya madai na kuipeleka kwa pamoja.

Kuchelewa kunalipika. Tudai tulipwe.

_Imetolewa na:_
*Idara ya Uenezi, Tawi*
_Sambaza kwenye magrupu ya kata na ya vijana._