Filta ya kuosha haifai pikipiki ya hesabu

Katika masoko ya mipakani, kuanzia Mutukula hadi Kabanga, kuanzia Sirari hadi Busia, pikipiki ndiyo lori la mfanyabiashara mdogo. Inabeba vitunguu, dagaa, mitumba na mikungu ya ndizi kutoka mahali ambako gari haliendi, au linakwenda likiwa limechelewa. Wapo wafanyabiashara walioacha kukodi. Wamenunua pikipiki yao, wamemkabidhi kijana, naye huleta hesabu kila jioni au kila mwisho wa wiki.

Mtaji huo unaweza kuliwa na kifaa kidogo kinachokaa ndani ya boksi la plastiki pembeni mwa injini, yaani filta ya hewa. Kwenye maduka ya vipuri mnunuzi huulizwa swali moja: achukue filta ya karatasi, inayotupwa ikichafuka, au ya kuosha, inayosafishwa na kurudishwa? Muuzaji mara nyingi ana jibu tayari: chukua ya kuosha, utanunua mara moja tu, ya karatasi itakurudisha dukani kila mara.

Jibu hilo lina ukweli kwa mtu mmoja na ni hasara kwa mwingine. Kwa mwenye pikipiki anayeiendesha mwenyewe, filta ya kuosha inaweza kuwa akiba. Kwa mwenye pikipiki ya hesabu, mara nyingi ni mtego, na sababu yake haiko kwenye filta bali kwenye makubaliano kati ya mwenye chombo na dereva.

Kwanza ieleweke filta inafanya kazi gani. Injini ya cc 125 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, huweza kuvuta hewa inayokaribia lita 300 kwa dakika moja. Kwa saa moja hiyo ni sawa na mapipa karibu 90 ya lita 200. Kwenye barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, nyuma ya lori linalotimua vumbi, hewa hiyo imejaa chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma.

Vumbi likipita, huchanganyika na oili na kuwa kama msasa. Husugua ukuta wa silinda, pistoni na ringi. Oili huanza kupungua bila kuvuja, moshi wa bluu hutoka kwenye ekzosi, na nguvu hupotea kwenye mlima. Filta ikiziba, hasara huwa ya namna nyingine. Injini yenye kabureta hukosa hewa, hula petroli kupita kiasi, plagi huwa nyeusi kwa masizi na moshi mweusi hutoka. Tatizo la pili ni la kuudhi, ila hurekebishika kwa kubadili filta. La kwanza halirekebishiki mpaka injini ifunguliwe, silinda ichongwe, pistoni na ringi zinunuliwe.

Filta ya karatasi hunasa vumbi laini vizuri kwa sababu ya mikunjo yake mingi na matundu yake madogo sana. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii kuoshwa. Ikilowa maji au petroli, karatasi hulegea, mikunjo hushikana na gundi huachia. Ikipulizwa kwa mashine ya upepo yenye nguvu, ile ya kujaza matairi, hutoboka matundu ambayo jicho halioni upesi. Dereva huiona imekuwa nyeupe, anafurahi, kumbe amefungua mlango wa vumbi. Ikibidi kuitoa vumbi, igongwe taratibu au ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, tena kwa dharura tu.

Filta ya kuosha inayoonekana zaidi kwenye pikipiki za kazi ni ya sponji. Ipo pia ya pamba iliyobanwa kwa wavu wa chuma, ambayo ilipata sifa kwenye pikipiki za mashindano kwa kuruhusu hewa nyingi. Hiyo ya pamba ni ghali, inataka mafuta yake maalumu, na mtu anayebeba magunia ya vitunguu hana anachopata kwa kuilipia. Kwa hiyo ushindani wa kweli ni kati ya karatasi na sponji.

Sponji ina siri ambayo wengi huisahau. Matundu yake ni makubwa, na peke yake hainasi vumbi laini vya kutosha. Kinachonasa ni oili iliyopakwa ndani yake. Kwa hiyo kuosha ni nusu ya kazi. Sponji inatakiwa ifuliwe kwa maji na sabuni, ikamuliwe bila kupindwa, ikaushwe kivulini mpaka iwe kavu kabisa, ipakwe oili safi, kisha ikamuliwe tena ili oili ibaki ikiwa imeenea bila kudondoka. Ikirudishwa kavu, vumbi linapita. Ikirudishwa imelowana chapachapa, injini inakosa hewa. Ikioshwa kwa petroli, gundi na sponji yenyewe huanza kuoza, achilia mbali hatari ya moto. Ikipakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, vyembe vya chuma vilivyomo humo hupakwa pia.

Yote hayo huchukua nusu siku, na kwenye vumbi la kiangazi yanatakiwa kufanywa mara kwa mara. Hapo ndipo swali la nani anaosha linapoingia.

Dereva wa hesabu analipwa na safari. Saa anazongoja sponji ikauke ni saa ambazo hapati abiria wala mzigo, na hesabu ya jioni inabaki ile ile. Injini ikichoka baada ya mwaka, gharama ni ya mwenye chombo. Dereva atarudisha ufunguo na kutafuta pikipiki nyingine. Kumlaumu kijana huyo kuwa ni mvivu ni kukosea. Amepiga hesabu yake vizuri kuliko aliyemkabidhi chombo. Filta ya kuosha inahitaji mtu mwenye sababu ya kuiosha, na makubaliano ya hesabu hayampi sababu hiyo.

Kwa dereva wa mkataba mambo hubadilika. Yeye analipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake. Kila ringi inayosagika ni yake ya kesho. Huyo, pamoja na mfanyabiashara anayeendesha mwenyewe, wanaweza kukabidhiwa sponji na wakaitunza.

Wapo watakaosema karatasi ni gharama. Basi hesabu ifanywe, kwa bei za mfano tu. Chukua filta ya karatasi ya Sh10,000 inayobadilishwa kila miezi miwili kwa sababu ya vumbi. Kwa mwaka ni Sh60,000. Chukua sponji ya Sh15,000 ambayo zinatumika mbili kwa mwaka, ikioshwa mara 26, na kila kuosha kukagharimu Sh1,000 ya sabuni na oili. Jumla ni Sh56,000. Akiba yote ni Sh4,000. Kwa mwangalifu ambaye sponji moja inamtosha mwaka mzima, akiba inafika Sh19,000. Ni fedha, hakuna anayezidharau. Lakini kazi moja ya kuchonga silinda na kununua pistoni huimeza akiba hiyo pamoja na ya miaka inayofuata, kabla hata ya kuhesabu siku ambazo pikipiki imelala gereji na dagaa wamekosa gulio.

Kila mmoja aingize bei za sokoni kwake. Katika mfano huu, tofauti ya bei kati ya filta mbili ni ndogo mno kuliko tofauti kati ya filta iliyotunzwa na isiyotunzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pikipiki hujengwa gereji.

Hoja nzito zaidi dhidi ya karatasi ni upatikanaji. Ukitoka mji wa mpakani kilomita 60 ndani, duka la vipuri linaweza kuwa na filta za pikipiki ya aina nyingine tu. Hapo dereva hulazimika kuipuliza ya zamani, au hukata kipande cha sponji ya godoro na kukisokomeza ndani ya boksi. Hilo la godoro ndilo baya kuliko yote. Sponji hiyo haikutengenezwa kuchuja hewa ya injini, na ikianza kuchakaa, vipande vyake huweza kuvutwa ndani.

Dawa ya uhaba ni mwenye chombo kuweka filta mbili mpya stoo. Ni nyepesi, haiozi, na kwa mtu ambaye kila wiki anavuka mpaka kufuata bidhaa, kununua mbili mahali zinapopatikana si safari ya ziada. Filta ya stoo isikae kwa dereva. Ibadilishwe siku ya kuleta hesabu, mbele ya mwenye mali, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Filta nayo ina haki ya mstari wake kwenye daftari.

Ziko pikipiki ambazo kiwandani ziliwekewa sponji, na boksi lake halipokei karatasi. Hapo isilazimishwe. Filta isiyokaa sawasawa ni mbaya kuliko filta chafu, kwani hewa hupita pembeni bila kuchujwa. Kwa pikipiki hizo kanuni ni ile ile kwa njia nyingine: zinunuliwe sponji mbili. Moja iko kwenye pikipiki, ya pili iko nyumbani kwa mwenye chombo, imeshaoshwa, imeshapakwa oili na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ya hesabu zinabadilishana. Dereva hapotezi hata dakika kumi, na anayeosha ni yule atakayelipa injini ikifa.

Mnunuzi wa karatasi naye ana wajibu dukani. Filta iinuliwe kwenye mwanga ionekane kama ina tundu. Mikunjo iwe mingi na iliyopangika, gundi iwe imezunguka kote, na raba ya ukingoni iwe laini, isiyokatika ikibonyezwa. Ilinganishwe na ile ya zamani kwa umbo na unene. Baada ya wiki chache, bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini lifunguliwe na kidole kipitishwe ndani. Kidole kikitoka na vumbi, filta hiyo haifai au haikukaa vizuri, hata kama pakiti yake inang'aa.

Hapa pana jambo linalozihusu pia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu rahisi wa biashara, ule wa cheti cha uasilia kilichorahisishwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotokana na nchi wanachama. Filta iliyotengenezwa India au China haiingii humo hata kama imenunuliwa Kariakoo au Kampala. Mwenye katoni moja ya filta anayekwenda upande wa pili hujikuta kwenye utaratibu wa kawaida wa forodha, na wengine huona njia ya panya ni nyepesi zaidi. Bidhaa iliyopita porini haina risiti, na isiyo na risiti hairudishwi dukani ikiwa bandia.

Kipuri kinachotumika na pikipiki zile zile pande zote za mpaka kinastahili kutazamwa vizuri zaidi. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 iliweka msingi wa mashirika ya viwango ya nchi wanachama kufanya kazi kwa pamoja. Msingi huo ungetumika kwa vipuri vidogo vya pikipiki, mfanyabiashara wa Ngara na mwenzake wa Muyinga wangenunua filta kwa kuangalia alama moja wanayoiamini wote wawili. Mpaka siku hiyo ifike, ukaguzi wa kwanza unabaki mikononi mwa mnunuzi.

Wakati huo huo, anayenunua pikipiki ya kukabidhi dereva asianze kwa kuuliza bei ya filta. Aanze na makubaliano. Kama kijana analeta hesabu tu, inunuliwe karatasi inayolingana na pikipiki, na anayeibadilisha awe mwenye mali. Kama kijana yuko kwenye mkataba wa kumiliki, aonyeshwe namna ya kuosha sponji na kuipaka oili, kisha aachiwe. Na kama mwenye mali anataka sponji kwenye pikipiki ya hesabu kwa sababu ni nafuu, basi akubali kuwa siku ya mapumziko, beseni, sabuni na kamba ya kuanikia vitakuwa uani kwake.