Umecheza na Nani?



Mzazi anapomkuta kijana wake mbele ya kompyuta au simu, swali la kwanza huwa ni moja: "Umecheza saa ngapi?" Ni swali zuri, kwani wakati ni mali. Hata hivyo, sisi tunaona lipo swali la pili linalostahiki kuulizwa pamoja nalo, nalo ni hili: "Umecheza na nani?" Katika makala haya tutaeleza kwa nini, kwa kutumia mfano wa World of Warcraft, mchezo wa intaneti ulioanza Marekani mwezi wa Novemba 2004 na ambao kufikia mwaka 2010 ulikuwa na wanachama wanaolipia zaidi ya milioni 12 duniani. Hukumu ya michezo ya namna hii si mada yetu leo. Mada yetu ni jambo moja lililomo ndani yake: namna watu wasiojuana wanavyokusanywa na mashine ili wafanye kazi moja.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Kila mchezaji ana mhusika wake anayetembea katika nchi ya kubuni. Humo mna mapango na ngome zenye madubwana makubwa ambayo mtu mmoja hayawezi. Lazima wachezaji waungane na kwenda pamoja katika kile kinachoitwa uvamizi. Kazi hugawanywa sehemu tatu. Mkingaji husimama mbele na kupokea mapigo. Tabibu huwaponya wenzake. Washambuliaji humpiga adui. Mmoja akizembea, wote huanguka na kuanza upya.

Katika miaka ya mwanzo uvamizi mkubwa, kama ule wa Molten Core, ulihitaji watu 40. Kuwapata watu 40 waliotulia mahali pamoja kwa saa kadhaa si mchezo! Kwa hivyo wachezaji waliunda vyama. Chama kilikuwa na kiongozi, ratiba ya wiki na kanuni za kugawana ngawira. Vyama vingi viliweka daftari la pointi, desturi iliyotoka katika mchezo wa zamani zaidi uitwao EverQuest wa mwaka 1999: anayehudhuria na kuvumilia huandikiwa pointi, na siku ngawira nzuri ikipatikana, pointi zake humsemea. Aidha, wachezaji wa seva moja walikuwa kama wakazi wa mji mmoja. Aliyenyakua mali na kutoroka alijulikana kwa jina, na kesho yake hakupata wa kumchukua. Aliyekuwa mpole na mwenye subira naye alijulikana vilevile. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani.

Tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Ulikuwa na dhiki zake. Mwenye kazi ya zamu, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa asiyeweza kukaa kwa muda mrefu, hao wote walibaki nje. Uvamizi wa Naxxramas uliotolewa mwaka 2006 ulifikiwa na wachezaji wachache mno, hata wenye mchezo wakaurudisha mwaka 2008 kwa sura nyepesi zaidi. Idadi ya watu nayo ilikuwa imepunguzwa tangu mwaka 2007, ikawa 25 au 10. Baadhi ya vyama pia viligeuka kuwa kama ofisi zenye wakubwa wakali.

Ndipo ikaja dawa. Mwezi wa Desemba 2009 iliwekwa programu ya kupanga vikosi vya watu watano, na mwishoni mwa Novemba 2011 ikafuata ya kupanga vikosi vya uvamizi vya watu 25. Uvamizi wa kwanza kupangwa hivyo ulikuwa Dragon Soul, ambao mwisho wake ni kupambana na joka liitwalo Deathwing. Mchezaji huchagua kazi yake, hubonyeza kitufe, na huingia katika foleni. Mashine hukusanya watu kutoka seva mbalimbali na kuwapeleka moja kwa moja mpaka mlangoni pa ngome. Vita hufanywa vyepesi na ngawira huwa hafifu kidogo. Hakuna tena haja ya chama, kiongozi wala kumwomba mtu yeyote.

Faida yake ni dhahiri. Watu wengi ambao wasingeliona joka lile hata siku moja waliliona. Hilo ni jema, nasi hatulibezi.

Lakini upesi wachezaji wenyewe walianza kulalamika. Watu waliingia vitani bila salamu. Kikosi kikishindwa mara moja, wengine walitoweka bila kuaga. Mgeni asiyejua njia alitukanwa au kupigiwa kura ya kutolewa. Wapo waliosimama pembeni bila kupigana, wakingoja wenzao washinde wapate fungu. Ajabu ni kwamba wengi wao walikuwa watu walewale ambao ndani ya vyama vyao walikuwa waungwana. Tabia ilibadilika kwa sababu kesho iliondolewa. Waliotoka seva tofauti hawakutarajia kuonana tena. Abiria wa basi moja hukaa bega kwa bega kisha kila mtu hushuka kituoni kwake, lakini majirani wa ukuta mmoja wanajua kwamba asubuhi watakutana, na hilo peke yake huwafunza adabu.

Wenye mchezo waliyaona matatizo hayo na kutafuta tiba. Wakingaji walipopungua, mwaka 2011 waliahidiwa zawadi ya ziada. Anayetoroka hunyimwa kujiunga tena kwa muda. Kulipokuwa na ugomvi wa ngawira, mwaka 2012 kila mtu akaanza kupata fungu lake peke yake. Kikosi kikishindwa, huongezewa nguvu ili safari ijayo kishinde. Ukizitazama tiba hizi utaona jambo moja. Kila moja inaondoa sababu ya kugombana, na papo hapo inaondoa sababu ya kuzungumza. Asiyehitaji kugawana hana haja ya kushauriana. Anayejua kwamba atashinda tu hana haja ya kumfundisha mwenzake.

Basi tusistaajabu kwamba mwezi wa Januari 2024 mchezo huohuo uliruhusu mtu kuingia mapangoni na wenzi wanaoendeshwa na kompyuta. Mwenzako akishakuwa ni mkingaji tu au tabibu tu, asiye na jina wala salamu, mashine inaweza kushika nafasi yake, tena haichelewi wala hailalamiki. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka wasomaji wetu waione.

Wapo watakaosema, basi mashine ni mbaya, itupwe. Hatukubaliani nao. Agosti 2019 mchezo wa zamani ulifunguliwa upya bila programu hiyo, na wengi walifurahi kutafutana tena kwa midomo yao. Lakini toleo la mwaka 2022 lilipokuja nalo bila ya programu ya vikosi vya watu watano, wachezaji walibishana sana, mpaka mwaka 2023 ikarejeshwa. Watu wanataka urafiki, na wanataka wepesi pia.

Aidha, mashine zenyewe hazifanani. Mchezo wa Final Fantasy XIV, uliofunguliwa upya mwaka 2013, nao hupanga vikosi wenyewe. Humo, kikosi kikiwa na mtu ambaye ni mara yake ya kwanza, wote hupata zawadi ya ziada, kwa hiyo mgeni huwa ni heri kwa wenzake. Kazi ikiisha, kila mmoja anaweza kumpa mwenzake mmoja alama ya kumsifu, na sifa hizo hubaki katika hesabu yake. Mashine ile imefundishwa kukumbuka wema.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wetu wengi hawana kompyuta za michezo, lakini wana simu. PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, huweza kumuunganisha kijana na watu watatu asiowajua kwa muda mfupi tu. Hivyo basi tunatoa nasaha tatu.

Kwanza, mwanafunzi, ukicheza, cheza na unaowajua. Michezo hii hukuruhusu kuwaita rafiki zako badala ya kuiachia mashine. Pangeni pamoja muda wa kuanza na wa kumaliza. Wenzio wanaokujua wataelewa ukisema adhana imepita au mama ameita. Mashine haijui hayo. Katika World of Warcraft foleni yaweza kukuita wakati wowote, ikakupa chini ya dakika moja kuitika. Ndiyo maana wengine huacha chakula kikapoa.

Pili, ukipangwa na usiowajua, fanya kama kwamba mtaonana kesho. Salimu unapoingia. Mweleze asiyejua, kwani nawe ulikuwa hujui. Usitukane. Usiondoke wenzio wakiwa katikati ya shida. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini kumfanyia mtu uungwana si kumpa siri zako. Jina lako kamili, nyumba yenu na picha zako zibaki kwenu.

Tatu, wazazi, ulizeni lile swali la pili. Kijana akijibu, "Nimecheza na Fulani wa darasa letu, tulishindwa mara nne, kisha tukapata," hapo pana mazungumzo, kuna mtu wa kumwulizia hali. Akijibu kila siku, "Sijui, watu tu," basi msimkemee, lakini kaeni naye. Huenda saa si nyingi, lakini upweke ukawa mwingi. Kijana aliyezoea kwamba mwenzi akikosea hubadilishwa kwa kitufe atapata tabu darasani, katika timu ya mpira na kesho katika nyumba yake mwenyewe, ambako hakuna foleni ya kumletea mwingine.

Basi kwa mwaka huu tunawaomba wanafunzi jambo moja dogo. Kila aliyecheza na mtu asiyemjua akamwona mpole na mvumilivu, asimwache apite hivihivi. Amshukuru kwa neno kabla mashine haijawatenganisha.