UCHAMBUZI: Marejeleo mengi si ithibati ya ukweli katika sayansi ya ubongo

MNAMO Juni 2024, jarida la kisayansi la Nature liliondoa rasmi makala ambayo kwa miaka 18 yalikuwa yakitajwa kila mara katika utafiti kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayowapokonya wazee kumbukumbu.

Makala hayo yalichapishwa Machi 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Yalidai kwamba aina moja mahsusi ya protini ya amiloidi, iliyopewa jina Aβ*56, inapodungwa panya wenye afya, huwafanya wapoteze kumbukumbu.

Kufikia siku yalipoondolewa, yalikuwa yamerejelewa katika makala mengine zaidi ya 2,000. Kwa kipimo kinachotumiwa na vyuo vikuu kote ulimwenguni, hayo ni mafanikio ambayo wanasayansi wengi hustaafu bila kuyafikia.

Kisa hicho kinaibua swali ambalo wasimamizi wa elimu ya juu wamelikwepa kwa muda mrefu. Ikiwa marejeleo zaidi ya 2,000 hayakutosha kufichua kasoro za makala moja, yanawezaje kuaminiwa pekee kuamua ni nani mtafiti bora, nani apandishwe cheo na nani apewe pesa za utafiti?

Ili kulijibu swali hilo, ni muhimu kufahamu vipimo hivyo vilitoka wapi.

Msingi uliwekwa na Mmarekani Eugene Garfield, aliyependekeza mwaka wa 1955 kwamba machapisho ya kisayansi yaorodheshwe kwa kufuata nani amemrejelea nani. Orodha yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka wa 1964. Lengo lilikuwa kumsaidia msomi kupata maandishi yanayohusiana na kazi yake, na wala si kuwapanga wasomi kwa madaraja.

Baadaye kilizuka kipimo cha athari ya jarida, ambacho huhesabu wastani wa marejeleo yanayopatikana kwa makala ya jarida fulani katika kipindi kifupi. Kipimo hicho kiliwafaa wakutubi waliotaka kujua ni majarida yapi yanunuliwe kwa bajeti finyu.

Mwaka wa 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo cha mtu binafsi, kinachojulikana kama kipimo cha h. Hesabu yake ni nyepesi. Mtafiti mwenye makala 20 ambayo kila mojawapo yamerejelewa mara 20 au zaidi, ana h ya 20. Ili kufikia 21, sharti awe na makala 21 yaliyorejelewa angalau mara 21 kila moja.

Kipimo hicho kilienea kama moto katika nyika kavu. Hifadhidata ya Scopus na huduma ya Google Scholar zilikuwa zimeanzishwa mwaka mmoja tu uliotangulia, 2004, na punde si punde ikawa rahisi kwa afisa yeyote mbele ya kompyuta kuipata namba ya msomi bila kufungua hata ukurasa mmoja wa kazi yake.

Haki itendeke: vipimo hivi vina manufaa. Kabla yavyo, kupanda ngazi katika taaluma kulitegemea sana nani anamjua nani. Msomi asiye na mlezi mwenye sauti angeweza kubaki chini maisha yake yote. Namba ilimpa silaha. Isitoshe, kipimo cha h hakimpi mtu sifa kubwa kwa sababu ya makala moja tu yaliyobahatika, bali hutafuta kazi iliyoendelea kwa miaka.

Hata hivyo, sayansi ya ubongo inaonyesha vizuri jinsi namba hiyo hiyo inavyoweza kupotosha.

Mfano wa kwanza ni Prof Karl Friston wa University College London, ambaye ni miongoni mwa wanasayansi wa ubongo wanaorejelewa zaidi duniani. Kipimo chake cha h katika Google Scholar kimepita 200, kiwango ambacho ni watafiti wachache mno wa fani yoyote wamekifikia.

Sehemu kubwa ya marejeleo hayo inatokana na mbinu za kitakwimu na programu ya kompyuta ya SPM, aliyoiasisi mapema katika miaka ya 1990 ili kuchanganua picha za ubongo. Programu hiyo ilitolewa bila malipo, na maabara nyingi zikaitumia. Kila anayeitumia humrejelea mwasisi wake.

Hakuna anayepinga kwamba huo ni mchango mkubwa. Lakini ni mchango wa fundi aliyewatengenezea wenzake jembe, na haulingani na ule wa aliyelima na kuvuna mbegu mpya. Kipimo cha h hakitofautishi wawili hao. Ndivyo ilivyo katika sayansi kwa jumla: makala yanayoongoza kwa marejeleo katika historia, yaliyorejelewa zaidi ya mara 300,000, ni yale ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951, ambayo yanaeleza tu namna ya kupima kiasi cha protini.

Mfano wa pili ni Prof John O'Keefe, pia wa University College London. Mwaka wa 1971, yeye na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky walichapisha taarifa fupi kuhusu seli za ubongo wa panya zinazoamka tu mnyama anapokuwa mahali fulani. Wengi waliitilia shaka. Miaka 43 baadaye, mnamo 2014, O'Keefe alituzwa Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway kwa ugunduzi wa mfumo ambao ubongo huutumia kutambua mahali.

Mtafiti kijana hawezi kuwa na kipimo cha h kinachozidi idadi ya makala aliyoyaandika, hata kama mojawapo ya makala hayo litabadilisha fani nzima. Kamati inayoangalia namba pekee haina njia ya kumtambua O'Keefe wa leo. Itamwona tu kijana mwenye machapisho machache.

Zipo kasoro nyingine. Google Scholar huhesabu tasnifu, vitabu na makala ambayo hayajakaguliwa, ilhali Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza. Matokeo ni kwamba mtu mmoja huwa na namba tatu tofauti kwa siku moja. Aidha, makala yenye waandishi 50 humpa kila mmoja wao sifa sawa na ya aliyeandika peke yake. Na anayerejelewa kwa kukosolewa huhesabiwa sawasawa na anayerejelewa kwa kusifiwa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Punde namba ilipogeuka kuwa njia ya kupata mkate, wapo waliojifunza kuipika: kujirejelea kupita kiasi, kuunda makundi ya kurejeleana, au kugawanya utafiti mmoja katika vijimakala vingi. Mnamo 2023, kampuni ya Clarivate, inayomiliki Web of Science, iliwaondoa zaidi ya watafiti 1,000 katika mchujo wa orodha yake ya wanaorejelewa zaidi, kwa kutilia shaka mienendo ya namba zao.

Lakini hata pasipo hila ya kurejeleana, idadi haithibitishi ukweli. Hapo ndipo kisa cha Minnesota kinapotoa funzo kubwa zaidi.

Mnamo Julai 2022, jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliotokana na kazi ya Dkt Matthew Schrag, mtaalamu wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliyegundua dalili kwamba picha kadhaa katika makala ya 2006 na mengineyo zilikuwa zimebadilishwa. Mtafiti mwandamizi wa makala hayo, Prof Karen Ashe, hatimaye alikiri kwamba picha zilikuwa zimegeuzwa, ingawa alishikilia kuwa hitimisho la msingi halikuathirika. Waandishi walikubali makala yaondolewe, isipokuwa mwandishi wa kwanza, Sylvain Lesné.

Si haki kudai, kama wengine walivyofanya, kwamba utafiti wote wa Alzheimer uliporomoka siku hiyo. Dhana kwamba amiloidi huchangia ugonjwa huo ilikuwepo tangu miaka ya mapema ya 1990 na ina ushahidi wa aina nyingine. Hata hivyo, Science iliripoti kwamba ufadhili wa kila mwaka wa serikali ya Marekani kwa tafiti zinazogusa kundi hilo la protini na ugonjwa huo ulipanda kutoka karibu sufuri mwaka wa 2006 hadi dola milioni 287 mnamo 2021.

Zaidi ya mara 2,000, wasomi walitaja makala hayo. Wengi walifanya hivyo kwa sababu wengine walikuwa wameyataja. Mtu mmoja aliyeketi na kuzichunguza picha zenyewe aliona yale ambayo umati haukuyaona. Isitoshe, makala yanapoondolewa, marejeleo yaliyokwisha kuandikwa hayafutiki, na mengi huendelea kurejelewa kana kwamba hakuna lililotokea.

Je, haya yanamhusu vipi msomi wa Kenya?

Yanamhusu kwa karibu. Vigezo vya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo wahadhiri, vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mnamo 2014, vinampa mhadhiri alama kwa kila aina ya chapisho. Nia ilikuwa njema: kuondoa upendeleo na kuwa na utaratibu mmoja kwa vyuo vyote. Lakini alama zinapohesabiwa bila kazi kusomwa, mhadhiri husukumwa kuandika mengi badala ya kuandika yaliyo na uzito, na majarida yanayochapisha chochote mradi yalipwe hupata soko.

Suala la pili ni uchaguzi wa maradhi yanayotafitiwa. Marejeleo huja kwa wingi palipo na watafiti wengi. Mamia ya maabara barani Ulaya na Amerika yanachunguza Alzheimer, hivyo makala moja kuhusu ugonjwa huo yana wasomaji wengi tayari. Kifafa kinachowaandama watoto wa vijijini katika Afrika hakina jeshi kama hilo.

Katika Kaunti ya Kilifi, watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, ulioanzishwa mwaka wa 1989, wametumia miongo kadhaa kuchunguza kifafa na madhara ya malaria kwa ubongo. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vitano vya utafiti uliochapishwa 2013 katika jarida la Lancet Neurology, pamoja na maeneo ya Tanzania, Uganda, Ghana na Afrika Kusini.

Utafiti huo ulihusisha kifafa cha watoto na matatizo wakati wa kuzaliwa pamoja na majeraha ya kichwa, na kifafa cha watu wazima na maambukizi ya vimelea, wakiwemo minyoo. Maana yake ni nzito: kesi nyingi zinaweza kuzuiwa kwa huduma bora za uzazi na kwa kudhibiti vimelea.

Hakuna kipimo cha h kinachoweza kuonyesha iwapo mkunga aliyefunzwa amefika katika zahanati ya kijijini, au iwapo familia moja imeacha kuamini kwamba mtoto wao amerogwa na kumpeleka hospitalini. Ilhali hayo ndiyo matunda ya utafiti huo kwa mlipa ushuru. Mtaalamu kijana wa Kenya akiambiwa kwamba cheo chake kitategemea marejeleo pekee, atakuwa na kila sababu ya kuwaacha wagonjwa wa kifafa wa Kilifi na kufuata mada zinazovuma ng'ambo.

Ulimwengu umeanza kujirudi. Azimio la San Francisco la 2013 lilizitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha athari ya jarida kumhukumu mtafiti. Ilani ya Leiden ya 2015 iliweka kanuni kumi, ya kwanza ikiwa kwamba takwimu zinapaswa kusaidia uamuzi wa wataalamu, si kuchukua nafasi yake. Mnamo 2020, serikali ya China iliviagiza vyuo vyake viache kuabudu hesabu za machapisho na kuwalipa watafiti zawadi za fedha kwa ajili yake.

Hata Hirsch mwenyewe, aliyekuwa ameonya tangu 2005 kwamba namba moja haiwezi kuubeba wasifu wa mtu, aliandika mnamo 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia.

Suluhisho si kuzitupa namba, kwani kufanya hivyo kutarejesha enzi ya kujuana. Lililo muhimu ni kila namba ipewe nafasi yake. Kamati ya uajiri inaweza kumtaka mwombaji ateue makala yake matano bora na kueleza mchango wake katika kila moja, kisha wanakamati wayasome. Inaweza kumlinganisha mtafiti na wenzake wa fani na umri wake pekee. Inaweza kuuliza iwapo data zake ziko wazi kwa wengine kuzikagua, iwapo matokeo yake yamerudiwa kwingineko, na iwapo yamebadilisha matibabu au sera.

Kazi hiyo inachosha na inahitaji muda, tena katika vyuo ambavyo wahadhiri tayari wamelemewa na madarasa makubwa. Ndiyo sababu namba inapendwa: humpunguzia msimamizi mzigo wa kusoma.

Lakini gharama ya kutosoma imeshaonekana. Debe tupu haliachi kuvuma, na marejeleo ni mvumo: hueleza ni nani anayezungumziwa, lakini hayaelezi iwapo alichokisema ni kweli. Mgonjwa anayengoja dawa, awe mzee wa Minnesota au mtoto wa Kilifi, hufaidika na ukweli tu.